Matundu ya Sindano

Jumanne, saa nne, Mutiso wa shirikisho
alinitupia gunia kizingitini:
jezi ishirini na tatu, nyekundu, mpya,
bado zinanuka plastiki ya bandarini.
"Mama Nafuna, Alhamisi tunazitaka."
Karatasi ya majina imekunjwa mara nne,
ina doa la chai pale kwenye mabeki.

Hapa Jericho, hatua chache kutoka uwanja wa Toyoyo,
kila mteja wangu ni kocha.
Anayeleta suruali iliyokatika zipu
huuliza kwanza, "Uganda tutawaweza mwaka huu?"
ndipo akumbuke suruali.
Jirani yangu Asige, mshona viatu, ana hesabu zake:
sare na Uganda, Wahabeshi tuwafunge moja,
Zanzibar wajifunge wenyewe.
Ameziandika kwa kalamu
juu ya soli ya kiatu cha mtu.

Mimi huuma uzi kwa meno, hunyamaza.
Mpira siujui. Najua kitambaa.

Na kitambaa kinasema hivi:
kipa ni Shikanda tena, herufi nane,
mabega mapana, jina limekaa bila kubanana.
Langoni sina wasiwasi.
Nne ni Halake. Jezi yake ya mwaka jana
niliirudishia kola mara mbili;
beki anayechanika hivyo hakimbii kazi.
Nyuma kushoto pana alama ya kuuliza
kwa mkono wa mtu mwenye haraka.
Niache nafasi, nimeambiwa.
Nimeiacha.
Waganda watapita hapo.

Lakini tisa!
Tisa niliishona Jumanne kwa jina la Ogalo.
Jioni, simu: kifundo cha mguu, mazoezini. Fumua.
Nikafumua.
Jumatano nikashona Lokwang.
Saa sita, simu: pasipoti yake imo kabatini
mwa mtu aliyekwenda matanga Siaya
na funguo mfukoni. Fumua.
Nikafumua.
Usiku stima ikapotea. Mshumaa juu ya cherehani,
nikamshona Muthiani kwa mkono, herufi kwa herufi,
na kabla sijafunga fundo, Mutiso mlangoni:
kocha na katibu hawasemezani.
Acha tupu.

Nikaiinua ile jezi mbele ya mshumaa.
Mwanga ukapenya matunduni,
majina matatu yaliyofumuliwa
yamepandana kama nyayo kwenye saruji mbichi.
Yeyote atakayeivaa Jumamosi
atabeba mgongoni wanaume watatu
ambao hawakufika.
Sijui kama huo ni mzigo
au ni upepo wa kumsukuma.

Nalidai shirikisho elfu kumi na nne
tangu kombe lililopita.
Tulitolewa kwa penalti,
na deni langu likatolewa pamoja na timu.
Bado nimeshona. Usiniulize kwa nini.
Uliza mtu anayepiga deki nyumba ya kupanga.

Alhamisi alfajiri nilizikunja moja moja,
tisa juu kabisa, isiyo na mwenyewe.
"Mama, tutashinda?" Mutiso akauliza.
"Lipa," nikamwambia.
Akacheka, akabeba gunia.

Jumamosi nitakuwa Nyayo, jukwaa la bei ya chini,
Asige kando yangu na hesabu zake.
Wenzangu watautazama mpira.
Mimi naingoja dakika ile
tisa atakapogeuka ndani ya eneo la hatari
na beki wa watu amkamate mgongoni, avute:
mshono ushike.
Ushike tu.
Mengine wayamalize wenye miguu.

Mkobani nitakuwa na sindano
na uzi mweupe, urefu wa mikono miwili hivi.
Wetu hawa nawajua.
Wanaweza kunipigia simu
hata wimbo wa taifa ukiwa umeanza.